Nishikie Kidogo, Naja

Mampong, Ashanti
Jumapili, 3 Februari 1991

Mdogo wangu Oti,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kile kifua kimeacha kukusumbua kwa vumbi la Accra. Sisi hapa tunamshukuru Mungu. Upepo mkavu wa kaskazini bado haujatuacha. Midomo imepasuka, na mikate yangu inakauka kabla haijafika sokoni. Wofa Adu anakusalimu. Mguu wa mjomba wetu huyo bado umevimba, lakini mdomo wake ni mzima kabisa, juzi amemwambia muuguzi aende kwanza akajifunze kushika sindano ndipo arudi.

Kila siku ananiuliza kama Pasaka utakuja. Unajua kwa nini anauliza. Anataka kukukabidhi kiti cha ukoo mbele ya watu, angali ana nguvu za kukaa wima na kusema mwenyewe. Sisi tunahesabiwa kwa tumbo la mama, na mwanamume aliyebaki wa tumbo la dada yake ni wewe. Mwaka jana uliniandikia kwamba kazi ni nyingi. Mwaka juzi pia. Mwaka huu tafuta neno jingine, au uje.

Sasa nikuambie lililonifanya nishike kalamu leo hii.

Mchungaji Boahen aliniita ofisini. Ibada ya jioni ya Jumapili imekufa, vijana wote wanakimbilia kwenye televisheni, kile kipindi cha watu wa nyotani mnachokirusha kituoni kwenu, Mgeni wa Siku ya Nane. Msimu wa kwanza unarudiwa tangu mwanzo na hata waliokwisha kuutazama wanaurudia. Akasema, Mama Panyin, wewe una moyo uliotulia, nenda ukautazame wote, kisha uje usimame mbele ya kanisa utuambie umeona nini na kama unafaa. Nikamwambia mimi shule niliiacha mapema, sijui kupima vitu vya wasomi. Akanijibu kwamba ameomba macho, hakuomba cheti.

Basi nimekuwa nakwenda uani kwa Maame Sekyiwaa, ambaye televisheni yake ni ya rangi. Mtaa mzima unakaa pale. Nilipoingia na benchi langu kichwani, Sekyiwaa akawaambia watu wasogee, leo kanisa limekuja lenyewe.

Nitasema haki. Nilicheka. Chombo cha angani kina mlango wa friji, Oti. Wameupaka rangi lakini kitasa kiko palepale. Watu wa nyotani wamevaa karatasi ya fedha kama samaki wa kuokwa, na mmoja alipoinua mkono kuamuru, karatasi ikachanika kwapani tukaona singlendi. Muziki ni wa kutisha kuliko kinachotokea. Ila yule mama muuza ndizi za kuchoma, hapo kituo cha magari, anaigiza mpaka unasikia harufu ya mkaa. Chombo kinatua mbele yake, watu wote wanakimbia, yeye anauliza kama wanunuzi ni wangapi. Nikasema moyoni, huyu nitamsifu kanisani.

Kisha mlango ule wa friji ukafunguka. Akatoka mwanamke na mtoto mchanga. Akamwekea muuza ndizi mikononi, akamwambia, "Nishikie kidogo, naja." Akarudi ndani, chombo kikapaa, hakikurudi.

Uani wote waliangua kicheko, kwa sababu kwetu "naja" ndilo neno la mtu anayeondoka. Mimi nilisimama. Nilisimama ghafla hata benchi likainuka upande wangu na bintiye Sekyiwaa akaanguka chini. Walidhani nimekasirika kwa ajili ya dini.

Mdogo wangu, maneno hayo yalisemwa hivyohivyo, kwa mpangilio huohuo, mbele ya marehemu Maame, mama yetu, na mimi. Tulikuwa wawili tu. Maame aliniapisha nisimwambie mtu, na sitakuambia hata wewe ni lini na kwa nini. Lakini nataka kujua yamefikaje kwenye televisheni. Mwishoni waliandika jina la mwandishi, ni herufi tatu tu, N.K.N., kama namba ya lori. Wewe unapaka rangi mapazia yao, unakula nao. Niulizie mtu huyo ni nani na amepata wapi.

Wako akupendaye,
Ataa Panyin


Accra
28 Februari 1991

Dada yangu Ataa,

Nisamehe kuchelewa. Barua yako ilifika mapema, ni mimi niliyekaa nayo. Nilianza kujibu, nikachana, nikaanza tena.

Mimi sijambo, kifua ni kilekile. Watoto wanakwenda shule. Dede, wifi yako, anasema asante kwa mikate. Ilifika migumu, lakini tuliichovya kwenye chai ikasahau safari. Mpe pole Wofa, mwambie na muuguzi naye ni mtoto wa watu.

Ule mlango wa friji ni kazi yangu. Friji la ofisi ya bosi lilikufa, nikauomba mlango kabla hawajautupa. Nilitaka kung'oa kitasa, fundi akaniambia, "Ukiking'oa, watafunguaje wakitaka kutoka?" Nikaona ana hoja. Nyota unazoziona nyuma ni kitambaa cheusi kilicholiwa na nondo, tukaweka taa nyuma yake. Zile nilizochora mimi hazikung'aa hata moja.

Kuhusu mwandishi, sina la kukuambia. Ni mtu wa kawaida. Anakunywa chai yake pembeni. Sidhani kama ameiba kitu cha mtu. Wanawake wangapi wamesema "naja" katika nchi hii, dada?

Ila ningependa nikuulize, kwa kuwa umetumwa kupima. Yule muuza ndizi alifanya vizuri kumbeba yule mtoto kwenda naye nyumbani? Angeweza kumwacha polisi. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Msimu wa pili haujaanza kutengenezwa. Wakubwa wanasema makanisa yanalalamika, kwa hiyo wanangoja barua zao kwanza. Ya kwako itasomwa. Andika ulichokiona, usimhurumie mtu.

Pasaka sitaweza. Mwambie Wofa kwamba kiti kinahitaji mtu wa kukaa hapo, na mimi niko mbali. Kwaku wa Effiduase ni mtu mzima, ana adabu, na bibi yake na bibi yetu ni tumbo moja. Ampe yeye.

Ndugu yako,
Oti


Mampong, Ashanti
Jumapili, 17 Machi 1991

Oti,

Tunaendelea, kwa neema ya Mungu. Mvua ya kwanza imenyesha na paa la jikoni limenikumbusha kwamba uliahidi kulitengeneza. Maumivu ya Wofa yameongezeka.

Kwaku wa Effiduase. Nilimsomea Wofa sentensi hiyo, akaniomba nirudie. Nikarudia. Akasema, "Yule aliyelala kwenye mazishi ya babake mpaka akakoroma ndiye anitunzie ukoo?" Kisha akageukia ukuta na hakula. Kwa hiyo hayo ni yako, ujue umeyafanya.

Na kuhusu mwandishi, nakufahamu tangu hujaota ndevu. Ukijua kitu na hutaki kukisema, unaanza hadithi ya friji. Sikukuuliza habari za friji.

Nimetazama hadi mwisho. Nikueleze, maana nimekuwa sipati usingizi, na hapa sina wa kumwambia.

Mtoto yule wa nyotani anakua upesi, juma la tatu amekuwa kijana. Anatengeneza redio kwa kugusa kidole. Watu wanampenda lakini hawajui wamwite nani, kwa sababu hakuna ajuaye alizaliwa siku gani. Na mtu asiye na siku utamwamkia vipi? Kwao wiki ina siku nane na yeye alizaliwa ile ya nane, ambayo huku kwetu haipo. Wazee wanakaa kikao kirefu juu ya hilo, na hapo palichekesha, mmoja anataka apewe Jumapili kwa kuwa ina nafasi. Ndipo muuza ndizi anasimama na kusema, "Siku uliyonifikia mikononi ndiyo siku yako. Wewe ni wa Jumanne. Wewe ni Kwabena."

Mikono yangu ilikuwa na karanga. Zote zilikwenda chini.

Sikuweza kutulia tena. Sehemu iliyofuata ilikuwa mbaya zaidi. Kumbe yule mama ana mapacha. Basi majirani wanamwambia, kama umemchukua awe wako, mpe jina lake lote. Hilo halihitaji kuelezwa kwetu. Anayewafuata mapacha huitwa Tawia, apende asipende, hata mtoto mdogo anajua. Mama anakataa. Wanambembeleza, anakataa. Mwisho anasema, "Jina hilo lina mwenyewe. Amelala nalo." Kijana amesimama mlangoni, amesikia.

Oti, hayo nayo ni maneno ya Maame. Aliyasema jikoni kwetu, akikoroga supu ya mawese, na mimi nikimshikia chungu. Nani alikuwa pale? Moshi?

Wofa alikuwa amebebwa juu ya kiti kuja kutazama siku hiyo. Muuza ndizi alipokataa, Wofa alikohoa mara moja, akaomba nguo yake na kurudishwa nyumbani. Sijui aliona nini. Niliogopa hata kumtazama usoni.

Unajua sheria yetu. Mtu hatangaziwi alikotoka. Hata mfalme alilikataza hilo, na wazee wanatoza kondoo kwa neno kama hilo. Ukoo una watu walioingia kwa milango mingi, na wote wakishakaa, mlango hautajwi. Sasa anatokea mtu wa herufi tatu na kuuweka mlango wa mtu kwenye televisheni, nchi nzima iutazame ikila karanga. Kuna mtu nampenda sana ambaye mambo haya yakimfikia yatamvunja. Siwezi kusema zaidi.

Kwa hiyo niliandika ripoti yangu nikiwa na moto. Nilisema waigizaji ni wazuri na mapambo ni ya kuchekesha, hayo sikuyaficha. Lakini nikasema kwamba hadithi imeibwa kwa Musa na kikapu chake, kisha ikaharibiwa, kwa kuwa dada yake Musa alisimama kando ya mto akitazama, na humu dada hayupo kabisa. Nikasema mwandishi anacheza na majeraha ya watu asiowajua, na kwamba mtu kama huyo asipewe msimu wa pili. Kanisa lilipiga makofi. Mchungaji alipeleka nakala kituoni kwenu siku iliyofuata.

Msimu unaishia kijana amesimama katikati ya kituo cha magari, chombo kimerudi, mlango umefunguka, na wanamwita. Wanamwita kwa jina ambalo hatulisikii, ni upepo tu. Hapo picha ikazimika. Sekyiwaa akasema huo ni uhuni, mtu hawezi kuachwa amesimama hivyo. Mimi nilikwenda nyumbani nikilia, na sijui nilikuwa namlilia nani.

Njoo Pasaka. Sikuombi, nakuambia.

Dada yako,
Ataa Panyin


Accra
Jumanne, 26 Machi 1991

Dada yangu,

Barua hii nampa dereva wa lori la viazi, ameahidi kukupa mkononi. Nakusalimu, nawasalimu wote. Habari za nyumbani kwangu ni njema, sitaziongeza.

Mwandishi ni mimi.

Walikuwa wametafuta mchezo, mwenye kuuandika akaondoka bila kumaliza hata ukurasa. Nikampa mkubwa wetu karatasi zangu. Alizipenda, ila akasema haifai ionekane kwamba mchezo umeandikwa na mtu wa kupaka rangi, niweke jina jingine. Nikaweka N.K.N. Nilidhani utagundua papo hapo. Nishikie, kidogo, naja.

Maame ndiye aliyeniambia, katika ule ugonjwa wake wa mwisho, siku ulipokwenda kumchemshia uji. Alisema hakutaka kuondoka na kitu changu. Aliniambia mlikuwa mnatoka hospitali ya Kumasi, wewe na yeye, mtoto wake amezaliwa bila pumzi. Mlikuwa mnangoja gari kituoni, wewe umebeba fungu la nguo. Akaja mwanamke, kijana tu, akamwona mama ana kanga ya kubebea na hana cha kubeba. Akanitia mikononi mwake, akasema anakwenda kununua kenkey ya kula njiani. Mkangoja mpaka gari la mwisho likawasha moto. Ilikuwa Jumanne, ndipo nikawa Kwabena.

Kisha akaniapisha. "Panyin asijue kwamba wajua," alisema. "Atadhani utaanza kumhesabu kuwa mtu baki." Ndiyo maana nilinyamaza miaka yote. Sasa naona katika barua yako kwamba wewe nawe alikuapisha. Sijui alikuambia nini kuhusu mimi. Pengine kwamba nitaondoka kwenda kumtafuta mwenye kenkey.

Ila nilikwisha kushuku tangu zamani. Shuleni walikuwa wananiuliza, dada yako ni Panyin, pacha mkubwa, wewe ndiye unayemfuata, mbona hawakuiti Tawia? Wewe ulipitia dirishani? Nilipigana sana kwa ajili ya dirisha hilo. Nilimwuliza Maame, akasema ni kwa sababu Kakra, pacha wako, alikufa, upacha umevunjika, majina yamefungwa. Nikaona macho yake. Siku ile jikoni ulipokuwa umeshika chungu, mimi nilikuwa mlangoni.

Ripoti yako imefika. Waliisoma kwa sauti ofisini. Kwenye kwapa na singlendi walicheka hadi machozi, nami nilicheka nao. Kwenye "mtu kama huyo asipewe msimu wa pili" nilikuwa nakoroga rangi, nikaendelea kukoroga. Wameahirisha. Hawakukosea, dada, na wewe hukukosea, umesema ulichoona. Ila uliposema humu dada hayupo, hapo umenishika. Nilijaribu kumwandika. Kila nikimweka, mchezo unakuwa si wa kutunga tena.

Sasa umejua kwa nini siji. Kiti ni cha tumbo lile. Mimi sikutoka humo. Nikikaa juu yake huku najua, nitakuwa nimemdanganya Wofa mbele ya watu na mbele ya waliokufa. Mpeni Kwaku, hata kama anakoroma.

Sekyiwaa ana haki kuhusu mwisho. Nilimwambia fundi wa sauti aweke upepo kwa sababu sikujua waniiteje.

Oti


Mampong, Ashanti
Jumanne, 2 Aprili 1991

Tawia,

Nakuamkia kwa jina la Bwana wetu aliyefufuka. Sisi wazima. Mvua imenyesha vizuri, paa la jikoni limezidi kuvuja, na mimi nimepata mishtuko ya kunitosha mpaka kiama, kwa hiyo kaa chini nikueleze kwa utaratibu.

Dereva alinipa barua yako Alhamisi Kuu, nikiwa naelekea kanisani. Niliisoma nikiwa nimesimama barabarani. Sikwenda kanisani. Nilirudi, nikafunga mlango, nikakaa chini pale jikoni pa Maame. Kumbe sote wawili tulikuwa tumeshika ncha mbili za kamba moja, kila mmoja akidhani anaficha. Na ni kweli, aliniambia ukijua utaondoka. Nilikuwa nakutazama kila ulipofunga mzigo, tangu ukiwa mdogo, hata ukienda shambani tu. Na mtu niliyesema yakimfikia yatamvunja, kumbe ndiye aliyeyaandika, na mimi ndiye niliyekuja na nyundo.

Jumapili ya Pasaka watu wa ukoo walikusanyika. Wofa akauliza mbele yao uko wapi. Nilisema nina neno la faragha. Wakatoka. Nikapiga magoti, nikamwambia, Wofa, nitavunja sheria, nipo tayari kwa kondoo, lakini Oti haji kwa sababu anasema hakutoka katika tumbo la dada yako. Nikamweleza yote, Kumasi, kituo, kenkey. Alinishika bega.

Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Ataa, mama yako aliondoka hapa kwenda kujifungua, akarudi baada ya juma moja na mtoto mwenye meno mawili."

Nilidhani sijasikia.

"Meno mawili," akasema. "Nilimpa kidole, akaning'ata. Alikuwa anakaa mwenyewe kwenye mkeka kama mzee wa baraza. Mlitaka sisi tudhani nini?"

Nikamwuliza kwa nini hawakusema. Akanitazama kama unavyomtazama mtu aliyeuliza kwa nini maji ni maji. Akasema, "Tuseme nini? Dada yangu alisema ni wake." Anasema siku ile mtoto alipong'ata ndipo yeye alipomkubali, kwa kuwa watu wa ukoo wetu wote hung'ata. Na jioni ile alipoomba arudishwe nyumbani, anasema ni kwa sababu alimwona dada yake akikoroga supu, hakutaka watu wamwone analia kwa ajili ya mwanamke wa televisheni.

Nilitoka pale nimepigwa na butwaa, nikaenda moja kwa moja kwa Sekyiwaa. Nikamwuliza kama alijua. Akaanza kukunja nguo. Akasema mama yake ndiye aliyeleta nguo za mtoto, zile walizokuwa wameshona za mchanga hazikupita hata mkono, wakazichana kimyakimya usiku huo wakashona nyingine. Mtaa mzima, Tawia. Wote walijua, na hakuna aliyewahi kuinua hata nyusi. "Tulikuwa tunakuhurumia wewe," akaniambia. "Jinsi ulivyokuwa unaibeba siri yako, mpaka tukawa tunakupisha njia." Sijui kama nicheke au nimrushie benchi.

Kwa hiyo neno la tumbo limekwisha. Wofa amesema uje uketi, na kama una mashaka ataleta kidole uking'ate tena.

Limebaki la jina. Nimeliombea siku tatu. Maame alilizuia kwa ajili ya yule aliyemwacha Kumasi, na simlaumu. Alikuwa na haki ya kumwachia mtoto wake kitu kimoja. Lakini hebu tufikiri. Tawia si jina la tumbo. Kwabena lako ni la siku, Tawia ni la kufuata. Ni yule aliyekuja nyuma ya mapacha. Basi hao mapacha ni nani? Kakra amekwenda. Nimebaki mimi. Na nani alinifuata mimi kisimani mpaka akaanguka na ndoo? Nani alinifuata sokoni, shambani, kwenye kwaya, na usiku wa arusi yangu akalala mlangoni mpaka mume wangu akamruka asubuhi? Aliyefuatwa ni mimi, kwa hiyo jina hilo ni langu kulitoa, na nimelitoa leo, siku yako, kwa mkono wangu na kalamu hii. Yule wa Kumasi hatakasirika. Nitamweleza nikifika.

Jana nilisimama tena kanisani. Nilisema ripoti yangu niliipima kwa jicho moja, la hasira, na sasa nimefungua la pili. Nikasema msimu wa kwanza una mapungufu, na kubwa ni kwamba dada amesahauliwa, lakini mwenye kuandika ni mtu anayejua anachokisema na amalizie. Hawakupiga makofi, na Mchungaji amesogeza ibada ya jioni ianze mapema ili watu wawahi vyote viwili. Barua nyingine imekwenda kituoni. Watafanya nini sijui. Lakini wakikupa msimu wa pili, weka dada pale kituoni. Awe amebeba fungu la nguo. Na chombo kikifungua mlango wake wa friji, kabla hawajasema lolote, yeye ndiye awe wa kwanza kuita.

Wofa amekataa kutaja siku. Anasema kiti kinangoja, na yeye hana haraka ila mguu wake ndio wenye haraka. Basi ukimaliza kusoma hapa, funika makopo yako ya rangi. Mpe mwenzako brashi mkononi, umwambie, "Nishikie kidogo, naja." Yeye ni mtu wa nchi hii, atakuelewa.

Mimi unayenifuata,
Ataa Panyin